Kuchagua Diski ya Nje ya Kuhifadhia Nakala Rudufu za Kompyuta ya Nyumbani

Mnamo Januari 2014 maji ya mafuriko yaliingia Magole, Dumila na vijiji vya jirani katika Wilaya ya Kilosa. Nyumba zilibomoka, mali zilisombwa, na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma ikakatika, magari yakakwama pande zote mbili. Miaka minne kabla ya hapo, mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika Kilosa na kuiharibu reli ya kati. Wakazi wa maeneo haya hawahitaji kufundishwa na mtu wa ofisini maana ya maji kuingia ndani usiku.

Tunaanzia kwenye mafuriko, ingawa makala hii inahusu kifaa kidogo kinachotosha kiganjani, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi kifaa hicho ni cha nini. Godoro lililolowa huanikwa. Cheti kilichoharibika huombwa upya, japo kwa usumbufu. Lakini picha za bibi aliyekwisha kufariki, zilizokuwa ndani ya kompyuta moja tu, haziombwi ofisi yoyote. Na si lazima maji yafike. Mwizi wa usiku, umeme uliopanda ghafla, kikombe cha chai kilichomwagika juu ya kibodi, au uchakavu wa kawaida wa diski iliyomo ndani ya kompyuta, kila kimoja hutosha.

Diski ngumu ya nje, ambayo madukani wengi huiita "eksteno", ni chombo cha kuhifadhia kumbukumbu kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kuchomolewa baada ya kazi. Nakala rudufu ni nakala ya pili ya faili ambazo bado zimo kwenye kompyuta. Tunasisitiza neno "bado". Watumiaji wengi hununua diski ya nje, wakahamishia humo picha zao zote ili kuipunguzia kompyuta mzigo, kisha wakaamini kwamba wamejiwekea akiba. Hawajajiwekea. Wamehamisha yai moja kutoka kapu moja kwenda kapu jingine, na kapu la pili ni jepesi kuanguka kuliko la kwanza.

Ili maelezo yasielee hewani, tumfikirie mwalimu wa sekondari anayeishi Magole. Mkewe ana stesheneri kando ya barabara kuu. Wana kompyuta mpakato moja nyumbani. Ndani yake mna alama za wanafunzi, mitihani ya miaka kadhaa, hesabu za kikundi cha VICOBA ambacho mke ni mtunza hazina wake, nakala za hati ya kiwanja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa, picha za simu zilizohamishwa mwaka hadi mwaka, na video ya harusi yao. Wana fedha ya kununua kitu kimoja kizuri, au vitu viwili vya kawaida. Wanunue nini?

Ukubwa unaohitajika kwa kweli

Swali la kwanza la muuzaji huwa ni "unataka terabaiti ngapi?", na mnunuzi asiye na jibu huuziwa kubwa iliyopo. Ni vema jibu lipatikane nyumbani kabla ya safari. Fungua kompyuta, tazama nafasi iliyokwisha kutumika kwenye diski yake ya ndani, kisha zidisha mara mbili. Hicho ndicho kipimo cha kutosha kwa familia nyingi.

Hesabu ya mwalimu wetu ni hii. Picha moja ya simu ya kawaida huchukua takribani megabaiti 3, kwa hiyo picha 10,000 ni kama gigabaiti 30. Video ya simu yenye ubora mzuri huchukua zaidi ya megabaiti 100 kwa dakika moja, hivyo saa 20 za video hukaribia gigabaiti 150. Mitihani, alama, hesabu za kikundi na hati zilizoskaniwa, hata zikiwa maelfu, ni vigumu kuzidi gigabaiti 10. Jumla haifiki gigabaiti 200. Diski ya gigabaiti 500 inamtosha, na ya terabaiti 1 inampa nafasi ya miaka mingi. Ya terabaiti 4 ingemwachia nafasi tupu aliyoilipia.

Msisitizo wetu juu ya ukubwa una sababu. Fedha inayookolewa kwa kutonunua diski kubwa mno ndiyo inayonunua diski ya pili, na kwa mtu wa Magole diski mbili ndogo zenye kufaa ni bora kuliko moja kubwa ya fahari. Tutaeleza kwa nini tutakapofika kwenye mahali pa kuziweka.

Kuna jambo moja dogo linalozua ugomvi madukani, nalo mara nyingi si kosa la muuzaji. Mnunuzi huiunganisha diski iliyoandikwa terabaiti 1, kompyuta yenye Windows ikaonyesha gigabaiti 931, akadhani ameibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa makumi: terabaiti 1 kwake ni baiti 1,000,000,000,000. Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, ndiyo maana namba hupungua ilhali kitu ni kilekile. Diski ya terabaiti 2 nayo huonekana kama 1.81. Upungufu wa kiasi hicho ni wa kawaida. Udanganyifu wa kweli haujionyeshi hivyo. Kompyuta huonyesha namba ileile iliyopo kwenye kasha, na hapo ndipo penye hatari.

Diski isiyo na ujazo uliotangazwa

Sehemu hii tunaomba isomwe polepole.

Kila diski ina programu ndogo ndani yake inayoiambia kompyuta ukubwa wake. Kompyuta haina njia ya kupima kwa macho, huamini inachoambiwa. Walaghai huchukua chombo kidogo cha kumbukumbu, aghalabu kadi ya simu au flashi ya gigabaiti chache, wakabadilisha programu hiyo ili itangaze terabaiti 2, 8 au hata 16, kisha wakaifunga ndani ya kasha zuri lenye taa. Baadhi ya makasha ya namna hiyo yalipofunguliwa yalikutwa na flashi ndogo pamoja na nati za chuma zilizogandishwa kwa gundi, ili mkono wa mnunuzi upate uzito anaoutarajia.

Ubaya wake ni kwamba diski hiyo hufanya kazi siku ya kwanza. Unaiunganisha, inaonyesha ujazo mkubwa, unaweka faili chache na zinafunguka. Ukishavuka ujazo wake wa kweli, haikatai. Inaendelea kupokea, huku faili mpya zikifuta za zamani au zikipotea kimya kimya. Majina ya faili hubaki kwenye orodha, kwa hiyo mwenye nazo huendelea kuamini kwamba zipo. Siku kompyuta inapoharibika ndipo anapofungua diski na kukuta majina tu. Kwa bidhaa nyingine bandia mnunuzi hupoteza fedha aliyotoa. Kwa hii hupoteza pia kile alichotaka kukilinda.

Bei ndiyo ishara ya kwanza. Diski ya terabaiti 16 isiyofikia hata bei ya gunia la mpunga haipo duniani. Ulizia bei katika maduka mawili au matatu ya Morogoro mjini, au mtume anayekwenda Kariakoo akuulizie, na anayeuza kwa robo ya bei ya wenzake mwulize sababu. Ishara ya pili ni ujazo wenyewe: diski za kubebeka mkononi, zisizohitaji waya wa umeme, kwa kawaida huishia kwenye terabaiti chache. Ya tatu ni jina. Diski ngumu zenye sahani zinazozunguka hutengenezwa leo na kampuni tatu tu duniani, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba. Kasha laweza kuwa na jina la kampuni nyingine na bado likawa halali, kwa kuwa kampuni nyingi hununua diski za hao watatu na kuzifunga upya. Lakini kasha lisilo na jina lolote, lisilo na namba ya kifaa iliyotanguliwa na herufi S/N, au lenye jina linalofanana na maarufu kwa kukosewa herufi moja, liachwe lilipo.

Ishara hizi zote zaweza kughushiwa. Kipimo cha uhakika ni kimoja: kuijaza diski yote, kisha kuisoma yote. Kwa Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw. Kwa Linux na Mac ipo F3. Huandika faili za majaribio hadi diski ijae, zikazisoma tena na kusema ni kiasi gani kimerudi salama. Diski mpya tupu ya terabaiti 1 yaweza kuchukua saa sita au zaidi, hivyo haiwezekani kufanyia kaunta ya duka. Patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba utaipima nyumbani na kwamba ikishindwa ataipokea, na makubaliano hayo yaandikwe nyuma ya risiti. Muuzaji mwaminifu hatasita sana. Kisha ipime siku hiyohiyo au kesho yake, kabla ya kuweka humo hata picha moja.

Kuna udanganyifu wa pili, ulio mwepesi zaidi: diski halisi lakini kuukuu, iliyotolewa kwenye kompyuta iliyotumika miaka mingi na kuvishwa kasha jipya. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huweza kusoma kwenye diski nyingi idadi ya saa ambazo zimekwisha kufanya kazi. Mpya huonyesha saa chache mno. Ukikuta 20,000, hiyo imekwisha kuwa mzee. Hatusemi diski zilizotumika zisiuzwe. Tunasema ziuzwe kwa jina lake na kwa bei yake, na mwenye kuchagua asiitumie kwa nakala rudufu.

Yenye sahani au isiyo na sahani

Madukani zipo aina mbili. Ya kwanza ndiyo diski ngumu ya asili, yenye sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ya pili, ambayo kwa kifupi huandikwa SSD, haina kinachozunguka. Huhifadhi kumbukumbu katika vipande vya elektroniki kama ilivyo ndani ya simu.

Yenye sahani ni nafuu kwa kila gigabaiti na yaweza kukaa kabatini kwa muda mrefu. Udhaifu wake ni kuanguka, hasa ikiwa inafanya kazi. Isiyo na sahani ni ya kasi, ni ndogo, na hustahimili mtikisiko, lakini bei yake iko juu, na ikiachwa bila kuunganishwa kwa muda mrefu sana, hasa kwenye joto, yaweza kuanza kupoteza ilichohifadhi. Anayeichagua aiunganishe na kompyuta angalau mara mbili au tatu kwa mwaka. Tena, inapokufa huweza kufa ghafla, ilhali ile ya sahani mara nyingi huanza kwa kulalamika: hupunguza kasi, hutoa mlio wa kugonga, faili hukataa kufunguka. Ukisikia mlio huo, acha kila kitu na unakili kilichobaki.

Kwa familia ya mwalimu tungechagua yenye sahani, kwa kuwa kazi yake ni kukaa mahali pamoja na kutolewa mara moja kwa mwezi. Kama diski ingekuwa ya kupakiwa kwenye begi na kupandishwa bodaboda kila siku kwenda shuleni na kurudi, jibu letu lingekuwa jingine.

Miongoni mwa zenye sahani, chukua ile ndogo inayopata umeme kupitia waya wa USB wenyewe. Zile kubwa za mezani, zenye adapta yake ya umeme, hutoa ujazo mwingi kwa bei nzuri, lakini umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski huzimika papo hapo na faili iliyokuwa ikiandikwa huharibika. Diski ndogo iliyounganishwa na kompyuta mpakato hutegemea betri ya kompyuta hiyo, kazi ikaendelea hadi mwisho. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kushikilia umeme achague saa ambayo kwa uzoefu wake umeme hutulia.

Kasi ina maana yake pia. Tundu la USB la kizazi cha pili hupitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde kwa matumizi halisi; la kizazi cha tatu, ambalo kwenye kompyuta nyingi lina rangi ya buluu kwa ndani, huiruhusu diski ya sahani kufikia 100 au kuzidi. Gigabaiti 200 za mwalimu zingechukua karibu saa mbili kwa la kwanza, na kama nusu saa kwa la pili. Diski mpya hufanya kazi kwenye tundu la zamani, ila kwa mwendo wa tundu.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa ni mpangilio wa diski, yaani namna ilivyoandaliwa kupokea faili. Ukiulizwa, NTFS inafaa kwa anayetumia Windows pekee; exFAT hufaa kwa anayetumia Windows na Mac kwa zamu. FAT32 iepukwe, kwa kuwa haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na video ya harusi mara nyingi huzidi.

Mahali pa kuiweka

Hapa tunarudi kwenye maji. Tukiulizwa kosa linaloondoa faida yote ya diski ya nje, hata iwe halisi na ya bei kubwa, tutajibu bila kusita: kuihifadhi kwenye begi lilelile la kompyuta. Mwizi huchukua begi. Maji huingia kwenye droo yote. Moto hauchagui.

Ndiyo sababu tulishauri diski mbili. Ya kwanza ikae nyumbani, juu ya kabati au darini, si kwenye droo ya chini, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Ya pili ikae nje ya nyumba, na kwa wakazi wa maeneo ya mafuriko "nje ya nyumba" isiwe nyumba ya jirani ambayo mto huohuo utaifikia. Ndugu aliyeko Morogoro au Dodoma anafaa sana. Kila safari ya kwenda kumjulia hali iwe pia ya kubadilishana: peleka iliyo na nakala mpya, rudi na ya zamani. Watu wa Magole husafiri barabara hiyo mara kwa mara. Diski haiongezi nauli. Walau mara mbili kwa mwaka mabadilishano hayo yasikosekane, kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika.

Asiye na uwezo wa diski ya pili asikate tamaa. Achague mambo machache yasiyoweza kupatikana tena, yaani hati, hesabu za kikundi na picha mia mbili anazozipenda kuliko zote, aziweke kwenye flashi iliyo halisi na kuipeleka kwa ndugu. Hifadhi ya mtandaoni nayo husaidia kwa kiasi hicho. Akaunti ya Google, kwa mfano, hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Kupandisha gigabaiti 200 kwa vifurushi vya simu ni habari nyingine, na hatumshauri mtu aanze bila kupiga hesabu ya bando.

Nakala inayokaa kwa mtu mwingine ifungwe kwa nywila. Baadhi ya matoleo ya Windows yana BitLocker. Asiyekuwa nayo aweza kutumia VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Kwa mwenye stesheneri huu si ushauri wa hiari tu. Kompyuta ya kazi ile hujaa vitambulisho vya watu vilivyoskaniwa, barua za maombi ya kazi na wasifu wa wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za wengine kuzilinda. Zisizohitajika tena zifutwe kabla hata ya kunakiliwa. Nywila iandikwe kwenye karatasi na kutunzwa mbali na diski, kwa kuwa ikisahaulika hakuna fundi wa kuifungua, na anayedai kwamba anaweza anataka fedha yako.

Tahadhari nyingine ni ya matumizi. Diski ya akiba isiwe punda wa kubebea sinema. Ikishaazimwa kwa rafiki, ikapita kwenye kibanda cha kujazia miziki, ikaunganishwa na kompyuta tano za watu, hurudi na virusi. Wengi wamekwisha kuona folda zao zikifichwa na kugeuzwa vialama visivyofunguka. Vipo pia vinavyofunga faili zote na kudai malipo, navyo hufunga kila diski vinayoikuta imeunganishwa. Kwa hiyo chomoa mara tu kunakili kunapokwisha, baada ya kuiamuru kompyuta iiachie kwanza.

Na kabla ya kuamini, jaribu. Chukua diski, iunganishe na kompyuta ya mtu mwingine unayemwamini, fungua picha moja ya zamani, hati moja, na video uisogeze hadi mwisho. Windows na Mac zina programu zake za kunakili zenyewe kwa ratiba, na ni vizuri kuzitumia, lakini hakuna ratiba inayochukua nafasi ya kuona kwa macho kwamba faili imefunguka.

Risiti, waranti na malalamiko

Dai risiti ya mashine ya EFD, yenye jina la duka na tarehe, na hakikisha aina na ujazo wa diski vimetajwa, wala si neno "kifaa" pekee. Andika pembeni namba ya S/N. Tovuti za watengenezaji wakubwa humruhusu mnunuzi kuingiza namba hiyo na kuona kama waranti ipo na itaisha lini. Fanya hivyo ukiwa bado mjini, kwa simu. Wakati mwingine namba hujibu kwamba kifaa kilikusudiwa soko la nchi nyingine na waranti yake haifanyi kazi hapa. Hilo si lazima liwe ulaghai, lakini bei yapaswa kushuka. Fahamu vilevile kwamba waranti hukupa diski mpya. Haikupi picha zako.

Kwenye risiti nyingi kuna maneno "mali ikishauzwa hairudishwi". Maneno hayo hayampi mtu ruhusa ya kuuza kadi ya gigabaiti 32 kwa jina la terabaiti 2. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kinachouzwa kilingane na maelezo yake. Ukishindwa kipimo, piga picha ya matokeo kwenye kioo cha kompyuta, rudi dukani na risiti pamoja na kasha, ueleze kwa utulivu na uache barua fupi yenye tarehe. Mengi huishia hapo. Yasipoishia, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani ukiwa na nakala za vyote hivyo. Aliyenunua barabarani kwa mtu asiye na duka wala risiti hajapoteza haki yake, ila amempoteza wa kumdai.

Mwisho ni swali la aliyechelewa: maji yamekwisha kuingia na diski imelowa. Usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Kuiwasha ikiwa na maji au tope ndiko kunakoiua. Usiianike juani, usiifukie kwenye mchele, usiifungue. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu wake, ili tope lisikaukie ndani, na uipeleke mapema kwa fundi mwenye vifaa vya kuokoa kumbukumbu. Mwulize gharama kabla, kwa kuwa kazi hiyo aghalabu huzidi bei ya diski kadhaa mpya, na umwombe akuandikie kama atatoza hata asipofanikiwa.